Kumbukumbu Isiyokumbuka: Uhakiki wa Sitiari katika Maelezo ya Fuwele Kimiminika Zilizobanwa Vinyweleoni

Ikisiri

Makala haya yanahakiki sitiari ya kumbukumbu kama inavyotumika katika maandishi ya fizikia yanayohusu fuwele kimiminika zilizobanwa ndani ya maada zenye vinyweleo. Matini kuu inayochunguzwa ni ile ya Araki, Buscaglia, Bellini na Tanaka iliyochapishwa mwaka 2011 katika jarida la Nature Materials, nayo inasomwa sambamba na matini zilizoitangulia. Uhakiki unaongozwa na mawazo ya Mary Hesse kuhusu mlinganisho katika sayansi. Hoja inayojengwa ni kwamba neno kumbukumbu limebebeshwa matukio yenye asili tofauti, na kwamba mzigo huo unafunika sehemu iliyo bora zaidi ya ugunduzi wenyewe. Athari ya jambo hili kwa uundaji wa istilahi za Kiswahili inajadiliwa pia.

1. Utangulizi

Mwaka 1888, jijini Prague, mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer alipasha moto benzoati ya kolesteroli akaona jambo ambalo kemia ya wakati wake haikuwa na jina lake. Dutu hiyo iliyeyuka katika sentigredi 145.5 ikawa kimiminika chenye ukungu, kisha katika sentigredi 178.5 ukungu ule ukatoweka na kimiminika kikawa angavu. Ilikuwa na vituo viwili vya kuyeyuka mahali ambapo kanuni iliruhusu kimoja. Reinitzer alimwandikia Otto Lehmann, mwanafizikia aliyekuwa na hadubini yenye jukwaa la kupashia sampuli moto, na mwaka uliofuata Lehmann akachapisha makala kuhusu fuwele zinazotiririka. Wapo waliokataa. Gustav Tammann alishikilia kwamba kilichoonekana ni mchanganyiko wa vimiminika viwili visivyoyeyukana, sawa na maziwa. Upinzani mwingine, ulio muhimu zaidi kwa makala haya, ulitoka kwa Georges Friedel mwaka 1922. Yeye hakukana kuwapo kwa hali hiyo ya maada, ila alilikana jina lake. Kwa Friedel, kuiita hali hiyo fuwele, na papo hapo kuiita kimiminika, ni kuieleza kwa vitu viwili ambavyo yenyewe si chochote kati yao. Alipendekeza iitwe hali ya kati, akaigawa katika makundi ambayo majina yake yangali yanatumika: nematiki, smektiki na kolesteriki.

Historia yaonyesha kuwa Friedel alishinda katika majina ya makundi akashindwa katika jina la jumla. Fuwele kimiminika zimebaki kuwa fuwele kimiminika katika karibu kila lugha inayozizungumzia. Hata hivyo, swali lake halikufa, nalo ndilo linalorudiwa hapa kwa namna nyingine: je, jina linapoazimwa kutoka uwanja mwingine, linaleta nini pamoja nalo, na nani anayekagua mzigo huo mlangoni?

Uwanja huu umekuwa na mazoea ya kuazima kutoka kwa viumbe hai. Lehmann mwenyewe aliandika mwaka 1906 kuhusu fuwele kimiminika na nadharia za uhai, akivutiwa na jinsi matone yake yalivyotambaa, kugawanyika na kuungana. Mwaka 1917 Ernst Haeckel alikwenda mbali zaidi katika kitabu chake kuhusu roho za fuwele. Leo hakuna mwanafizikia anayezungumzia roho za fuwele. Lakini msamiati wa sasa wa taaluma hiyo hiyo unasema kwamba molekuli hutiwa nanga kwenye kuta, hutoroka kuelekea upande wa tatu zinapobanwa, hukwama, na hukumbuka. Si haki kuziweka sitiari hizi kapu moja na roho za Haeckel. Ni haki, hata hivyo, kuzihakiki kwa ukali ule ule.

2. Msingi wa Kinadharia

Nadharia nyingi za sitiari zinazotumiwa katika tasnifu za Kiswahili, hasa ile ya Lakoff na Johnson (1980), zinaeleza vizuri jinsi sitiari inavyopanga fikra za watumiaji wa lugha, lakini hazina kipimo cha kusema kama sitiari fulani ni sahihi au si sahihi kuhusu maada. Kwa mhakiki wa matini ya fizikia huo ni upungufu mkubwa, kwa kuwa matini hiyo inawajibika mbele ya kipimajoto. Mary Hesse, katika kitabu chake cha 1963 kuhusu modeli na mlinganisho katika sayansi, anatoa kipimo hicho. Anautenga mlinganisho wowote wa kisayansi katika sehemu tatu. Sehemu chanya ni sifa ambazo vitu viwili vinajulikana kushirikiana. Sehemu hasi ni sifa zinazojulikana kutofautiana. Na sehemu ya kati ni sifa ambazo bado haijulikani ziko upande upi. Kwa Hesse, uhai wa modeli umo katika sehemu hiyo ya tatu, maana huko ndiko maswali mapya yanakotoka. Kutokana na mgawo huu, mhakiki anaweza kuuliza maswali mawili: je, matini inadhihirisha sehemu hasi ya mlinganisho wake au inainyamazia? Je, sehemu ya kati inazalisha jaribio, au inazalisha maneno tu?

3. Kinachobanwa na Kinachobana

Kabla ya kusoma matini, ni muhimu kueleza tukio lenyewe kwa ufupi. Fuwele kimiminika inayotumiwa zaidi katika tafiti hizi ni 5CB, mojawapo ya dutu zilizotengenezwa na George Gray na wenzake huko Hull, Uingereza, na kutangazwa mwaka 1973. Molekuli yake ina umbo la kijiti chenye urefu wa takriban nanomita 2. Katika halijoto ya kawaida ya chumba dutu hii ni nematiki: molekuli zinatiririka bila kushika nafasi maalumu, ila zinaelekea, kwa wastani, upande mmoja. Ikipashwa hadi sentigredi 35 hivi, mwelekeo huo wa pamoja unapotea ghafla na kimiminika cha kawaida kinabaki. Mwelekeo wa nematiki unaweza kutanuliwa kama kipepeo cha ukili, kusokotwa au kupindwa, F. C. Frank alizipa aina hizi tatu za umbuo nadharia yake iliyo bayana mwaka 1958. Kila umbuo una gharama ya nishati, na gharama hiyo inaongezeka nafasi inapokuwa finyu.

Ukuta nao una matakwa yake. Uso uliotengenezwa kwa namna fulani huzilazimisha molekuli zilizo jirani nao kusimama wima juu yake. Katika skrini, ambako kuta ni mbili na bapa, matakwa hayo yanatimizika kwa urahisi. Ndani ya maada yenye vinyweleo kuta ziko kila upande na zimejipinda, na kila kipande cha ukuta kinadai mwelekeo wake. Madai hayo hayawezi kutimizwa yote kwa pamoja. Hali hii ndiyo inayoitwa mkwamo. Mahali madai yanapogongana, mwelekeo unakosa maana kabisa, na mahali hapo panakuwa dosari. Dosari katika nematiki mara nyingi huwa na umbo la mstari mwembamba unaopita katikati ya kimiminika kama uzi.

Hapa inafaa kutua kidogo. Neno nematiki linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya uzi, na maelezo mengi mepesi yanadai kuwa Friedel aliichagua asili hiyo kwa sababu molekuli ni nyembamba kama nyuzi. Sivyo. Friedel hakuziona molekuli. Alichokiona kwenye hadubini ni mistari ya dosari. Hali nzima ya maada, basi, imepewa jina la kasoro zake. Tanbihi hii ina uzito katika uhakiki huu, kwa kuwa matini ya 2011 inarejea mahali pale pale alipoanzia Friedel: kwenye nyuzi.

4. Kutoka Kupona hadi Kukumbuka

Tafiti za miaka ya mwanzo ya 1990 zilikuwa na mhusika mkuu mwingine kabisa, yaani unasibu. Iannacchione na wenzake (1993) waliingiza fuwele kimiminika katika kioo cha Vycor, ambacho vinyweleo vyake vina upana wa takriban nanomita 7, wakaona kuwa mabadiliko ya ghafla kutoka hali isiyo na mpangilio kwenda nematiki yametoweka. Mpangilio unakua polepole halijoto inaposhuka. Bellini na wenzake (1992) walichunguza 8CB ndani ya erojeli ya silika, mango jepesi lenye nafasi nyingi tupu kuliko dutu. Maelezo yaliyotafutwa wakati huo yalitegemea hoja ya Imry na Ma ya mwaka 1975: uga wa kinasibu, hata ukiwa dhaifu, unatosha kuvunja mpangilio wa masafa marefu katika mifumo ambayo mwelekeo wake unaweza kugeuka kidogo kidogo. Kwa smektiki, ambayo molekuli zake zimepangwa pia katika matabaka, maelezo hayo yalizaa matunda. Radzihovsky na Toner (1999) walitoa nadharia, na jaribio la eksirei lililoripotiwa katika jarida la Science mwaka 2001 liliipima. Unasibu haukuwa pambo katika kazi hizo, ulikuwa sababu.

Upande wa nematiki, mkondo wa maneno unavutia. Mwaka 2002 Bellini na wenzake walichapisha makala ambayo kichwa chake kinauliza itachukua muda gani nematiki yenye unasibu iliyogandishwa ndani yake kupona. Miaka michache baadaye kundi hilo lilichapisha tena, na safari hii neno lililokaa kichwani ni kumbukumbu, likiambatanishwa bado na unasibu. Mwaka 2011 kumbukumbu inabaki kichwani, lakini mshirika wake amebadilika. Unasibu umeondoka na nafasi yake imechukuliwa na mkwamo wa kitopolojia.

Vichwa hivi vitatu vinasimulia mageuzi ambayo hayatajwi ndani ya matini. Kupona kunachukulia kuwa mpangilio mmoja ulionyooka ndio afya, na kwamba nyuzi za dosari ni jeraha. Swali la msingi linakuwa la muda: lini? Kukumbuka hakuna afya ya kurejea. Kunachukulia kuwa hali nyingi ni halali sawasawa, na swali linakuwa la historia: ipi kati ya hizo ilichaguliwa, na nani aliyeichagua? Hatua kutoka sitiari ya kwanza kwenda ya pili ni maendeleo ya kweli ya maarifa, na uhakiki wowote wa neno kumbukumbu unapaswa kuanza kwa kukiri hivyo. Bila neno hilo huenda dosari zingeendelea kuhesabiwa kama uchafu.

5. Kitanzi na Nguzo

Matini ya 2011 kiini chake ni uigaji wa kompyuta. Waandishi wanaitazama nematiki iliyojaza mwanya wa maada ambamo sehemu mango na sehemu wazi zote mbili zimeungana mfululizo, mithili ya sifongo, na ambamo nyuso laini zinadai mwelekeo wa wima. Wanaonyesha kwamba nyuzi za dosari ni nyingi mno, na kwamba sehemu kubwa yake imefunga vitanzi kuzizunguka sehemu za mango. Hapo ndipo ilipo siri. Kitanzi cha dosari kilicho huru ndani ya kimiminika hujivuta, kikapungua na kutoweka, kwa kuwa urefu wake una gharama. Kitanzi kilichoizunguka nguzo hakiwezi kufanya hivyo. Kinaweza kupanda au kushuka, lakini hakiwezi kutoweka pasipo kukatwa na kuunganishwa upya, na kukatwa kuna gharama kubwa kuliko ile ambayo joto la kawaida linaweza kuilipa kwa urahisi.

Njia ambazo vitanzi vinaweza kuzipitia ni nyingi sana, na kila mchanganyiko wa njia ni hali thabiti kiasi. Uga wa umeme ukiwashwa, unausukuma mfumo kwenye mchanganyiko mmojawapo. Uga ukizimwa, mfumo unabaki karibu na hapo ulipoachwa. Hilo ndilo linaloitwa kumbukumbu.

Ubora wa matini hii umo katika hatua inayofuata. Waandishi hawakuridhika na sifongo la kinasibu. Waliiga pia muundo wa kimchemraba unaojirudia kwa utaratibu kamili, usio na unasibu wowote, na kumbukumbu ikabaki. Kwa hatua hiyo moja walikitoa kisababishi kilichokuwa kikishukiwa kwa miaka karibu ishirini, na tukio halikutoweka. Katika istilahi za Hesse, walichukua sifa iliyokuwa sehemu ya kati ya mlinganisho kati ya nematiki iliyobanwa na mifumo ya sumaku yenye unasibu, wakaipima, wakaihamishia sehemu hasi. Ni nadra kwa matini ya kisayansi kuukata mlinganisho uliourithi kwa usafi kiasi hicho.

Uthibitisho wa upande mwingine ulikuja mwaka 2013, pale Senyuk na wenzake walipotumbukiza chembe zenye matundu ndani ya nematiki na kuonyesha kuwa jumla ya dosari zinazozizunguka inafungwa na idadi ya matundu ya chembe. Umbo la uso linatoa hesabu ambayo kimiminika lazima kiilipe. Jambo hili halikuhitaji unasibu, wala halikuhitaji neno kumbukumbu.

6. Mahali Sitiari Inapopasuka

Tatizo linaanza matini inaporudi kwenye sifongo la kinasibu. Humo waandishi wanaona jambo la ziada: mfumo unapoelekea kwenye utulivu, unapunguza mwendo kwa namna inayofanana na vioo na sumaku zenye unasibu, na upunguaji huo unaelezwa kuwa unatokana na nyuzi za dosari kugongana na kujipanga upya, kwa msaada wa mtikisiko wa joto. Unasibu uliotolewa kwa mlango wa mbele umeingia kwa mlango wa uani.

Huu si mgongano wa kimantiki, na lingekuwa kosa kuudai kuwa ndivyo. Matukio ni mawili. La kwanza ni kuwapo kwa hali nyingi thabiti, na chanzo chake ni umbo la uso. La pili ni mtawanyiko wa vizuizi kati ya hali hizo, na chanzo chake ni kutofanana kwa vinyweleo. Muundo unaojirudia una la kwanza; la pili linahitaji unasibu. Upungufu ni kwamba matini inayalaza matukio yote mawili chini ya paa moja, na paa hilo ni neno kumbukumbu. Kwa mtu anayesema kuwa mzee fulani ana kumbukumbu, kushika na kuchelewa kusahau ni kitu kimoja. Kwa nematiki si kitu kimoja. Msomaji wa haraka anatoka na wazo kwamba vinyweleo vya ovyo ndivyo vinavyokumbuka, wazo ambalo muundo wa kimchemraba ulikwisha kulikanusha kurasa chache nyuma.

Neno hilo hilo lilikuwa limekwisha kutumiwa na N. A. Clark mwaka 1985 kwa tukio la tatu. Katika tukio hilo, athari ya mpangilio wa awali inakaa kwenye uso wa ukuta wenyewe, na inaweza kuvuka hata hali isiyo na mpangilio: dutu ikipashwa moto hadi mwelekeo upotee, kisha ikapozwa, mchoro wa zamani unarudi. Katika kumbukumbu ya vitanzi hilo haliwezekani. Pasipo nematiki hakuna dosari, na pasipo dosari hakuna kilichoshikwa. Jaribio moja la kupasha moto linazitenga kumbukumbu hizi mbili kwa dakika chache, lakini jina linaziita kwa sauti moja.

Mtetezi wa matini anaweza kujibu kwamba kumbukumbu hapa ni istilahi, si sitiari. Kwamba wanafizikia wamekwisha kuizoea, na hakuna anayedhani kuwa kijiti cha 5CB kinafikiri. Jibu hilo lina ukweli nusu. Sitiari iliyokufa haiwezi tena kumdanganya mtu kuhusu kijiti, lakini bado inaweza kumdanganya kuhusu swali. Kumbukumbu, ya binadamu au ya kompyuta, ina sehemu tatu zinazotenganika: kinachohifadhiwa, kinachohifadhi, na tendo la kurejesha. Katika nematiki iliyobanwa, kinachohifadhiwa na kinachohifadhi ni kitu kimoja. Mpangilio wa vitanzi hauwakilishi mwelekeo wa uga uliopita, bali ndio mwelekeo wenyewe, uliokatazwa kuondoka. Tendo la kurejesha halipo. Hii ni sehemu hasi ya mlinganisho, nayo haijatajwa popote. Ingetajwa, lingefuata swali ambalo matini inalikaribia tu: mfumo huu unaweza kushika habari kiasi gani? Wingi wa njia si sawa na wingi wa habari. Njia elfu zinazotoa mwelekeo mmoja wa wastani ni, kwa anayesoma kutoka nje kwa mwanga, alama moja.

Kuna pia mpaka wa kipimo. Dosari ya nematiki si mstari wa kijiometri. Ina kiini chenye unene unaokadiriwa kwa nanomita kadhaa hadi kumi na kitu. Katika kinyweleo chenye upana wa maelfu ya nanomita, kukiita kiini hicho uzi ni sawa. Katika kioo cha Vycor, ambacho kinyweleo chake ni nanomita 7, kiini kinajaza njia nzima, na hakuna tena uzi wa kuzungushwa kwenye nguzo. Ndiyo maana Vycor ilionyesha mpangilio unaokua polepole pasipo mabadiliko ya ghafla, na ndiyo maana pia Kityk na wenzake (2008) walipata ukuaji wa namna hiyo katika mifereji ya silika iliyo minyoofu na yenye upana wa nanomita 10 hivi, ambamo hakuna vurugu kubwa ya kijiometri. Hoja ya kitopolojia, basi, inatawala juu ya kipimo fulani tu, na chini yake uso unameza kila kitu. Matini ya 2011 inazungumzia vinyweleo kana kwamba ni jinsi moja.

Ahadi ya mwisho ya matini, kwamba matokeo haya yanafungua njia ya kuzipa kazi mpya maada zenye mpangilio wa mwelekeo kwa kuzibana kitopolojia, inastahili maneno machache tu. Hali mbili thabiti zinazodumu bila umeme zilikwisha kutumika katika skrini za lebo za bei madukani, kwa kutumia uso wenye mifuo badala ya sifongo. Sifongo halisi hutawanya mwanga, isipokuwa mango na kimiminika vikilinganishwa kwa uangalifu katika uwezo wake wa kuupinda, na ugumu huo wa kiutendaji haupewi nafasi inayostahili.

7. Kuitia Tukio Jina kwa Kiswahili

Kiswahili kinaingia katika mjadala huu kikiwa na faida ya mgeni: bado hakijajifunga. Kazi kama Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia (TUKI, 1990) ziliweka misingi ya msamiati wa hali za maada, na maneno kama fuwele, mango na kimiminika yamezoeleka shuleni. Ngazi ya juu ya uwanja huu ingali wazi, na hapo mfasiri anakutana na mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni kioo. Kwa Kiswahili cha kila siku neno hili linataja kitu cha kujitazamia, bamba la dirishani, na uso wa simu. Mwanafizikia anaongeza Vycor, ambayo ni kioo chenye vinyweleo, na hali ya kioo, yaani maada iliyoganda bila mpangilio. Sentensi inayosema kuwa fuwele kimiminika ya aina inayotumika katika kioo cha simu, ikibanwa ndani ya kioo chenye vinyweleo, huwa na tabia ya kioo, ni sahihi kisarufi na haimfikishi msomaji popote. Kwa hali ya tatu, istilahi ya maelezo kama mgando usio na mpangilio ni ndefu lakini ni aminifu zaidi.

Mtego wa pili ni kumbukumbu yenyewe, na huu ni mgumu kwa sababu neno linavutia. Wapo watakaopendelea kovu. Kovu lina ubora mmoja mkubwa: halitenganishwi na mwili uliolibeba, na hivyo linaiheshimu sehemu hasi iliyoonyeshwa hapo juu. Lakini kovu linaturudisha kwenye jeraha na kupona, yaani kwenye sitiari ya 2002 ambayo utafiti ulikwisha kuiacha. Mkunjo una mvuto zaidi. Kanga iliyokunjwa na kuwekwa sandukuni hushika mkunjo ilioupata kwa nguvu ya nje. Mkunjo huo ni kanga yenyewe, wala si habari iliyoandikwa juu yake. Na pasi ya moto huufuta, kama sentigredi 35 zinavyoifuta 5CB. Mlinganisho chanya ni mpana. Sehemu yake hasi, hata hivyo, iko mahali pabaya: mkunjo hufifia kidogo kidogo, ilhali kitanzi cha dosari hakifanyi hivyo, ama kipo, ama kimekatwa. Mkunjo unaeleza matukio yote isipokuwa topolojia, na topolojia ndiyo iliyoandikiwa makala.

Istilahi inayopendekezwa hapa haina mvuto wa namna hiyo: uhifadhi wa mwelekeo. Faida yake ni kwamba inakubali kijalizo. Inawezekana kusema uhifadhi wa mwelekeo kwa vitanzi, ambao ni tukio la Araki na wenzake. Uhifadhi wa mwelekeo kwa uso, ambao ni tukio la Clark. Na ucheleweshaji wa kinasibu kwa lile la vinyweleo visivyofanana, ambalo si uhifadhi hata kidogo. Neno kumbukumbu libaki kwa kifaa, pale ambapo kuna anayeandika, kinachoandikwa na anayesoma. Na mkwamo uendelee kutumika kama ulivyo, kwa kuwa Kiswahili tayari kinautumia kwa watu wanaodaiana mambo yasiyoweza kutimizwa yote kwa mara moja, na katika kinyweleo hali ndiyo hiyo hiyo, kuta zikiwa ndizo wadai.